Kibao cha Dakika Tano

Barabara yetu inapokatiza reli, hapa Dunmore Fork, Ohio, kuna kibao: treni isizuie njia zaidi ya dakika tano, faini ipo. Nilikipigilia mwenyewe. Mimi ndiye polisi pekee wa kijiji, na kwa miaka mitatu niliwaandikia watu wa reli faini mpaka kidole kikaota sugu. Kisha mahakama ikasema jimbo halina mamlaka juu ya treni, mwenye mamlaka ni serikali kuu huko Washington. Na Washington haijaweka dakika zozote. Imeweka fomu ya malalamiko. Kibao sikukitoa, kwa hasira tu.

Nilichobakiwa nacho ni kwenda shuleni kila Septemba kuwatisha watoto wasipite chini ya mabehewa. Nawaambia kichwa cha treni kiko maili mbili mbele, dereva hawaoni, na kikivuta, mabehewa hushtuka moja baada ya jingine mpaka yawafikie.

Jumanne ile treni ilikuwa imeziba njia tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi Lorna, dada yangu, akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Wendell, nyigu. Shingoni."

"Sindano yako ya mzio iko wapi?"

"Niliitumia Agosti. Koo linaziba, Wendell."

Pale relini niliposimama, paa la nyumba yake nililiona juu ya mabehewa, hatua mia mbili tu ng'ambo. Gari la wagonjwa nililoliita lilikwama nami upande huu wa reli. Kuzunguka hadi darajani ni dakika ishirini na tano, na Lorna hakuwa nazo. Nikapiga namba ya reli. Akapokea kijana mpole, jimbo jingine kabisa.

"Itaondoka karibuni, bwana."

"Karibuni lini?"

"Hilo siwezi kukwambia."

Bev, mhudumu wa gari la wagonjwa, aliniona naangalia magurudumu.

"We mzee, usithubutu! Si wewe unayetuhubiria kila mwaka?"

"Nipe sindano, Bev."

"Na ikiondoka?"

"Nipe bwana!"

Nikalala kifudifudi kwenye kokoto. Nikaanza kutambaa chini ya behewa. Nilipofika katikati nikasikia mlio mbali upande wa kichwa, kisha mwingine, karibu zaidi, ukija behewa kwa behewa. Nikajiviringisha hadi ng'ambo. Gurudumu lilisogea shubiri moja pale palipokuwa na buti langu, likasimama tena.

Lorna nilimkuta sakafuni jikoni, midomo imevimba. Nikamchoma sindano pajani. Pumzi ilirudi taratibu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Viatu, Wendell. Nimepiga deki jana." Nikalia kama mtoto.

Kijiji kizima kilinipongeza, na mimi nikakubali kupongezwa. Basi la shule lililokuwa likingoja nyuma yetu Jumanne ile sikulikumbuka, wala nyuso zilizobanana kwenye vioo vyake.

Alhamisi treni ikasimama tena. Nilipofika, miguu miwili ilikuwa imechomoza chini ya behewa. Alikuwa Carlene Stutz, wa miaka kumi, mkoba mgongoni.

"Carlene! Rudi hapa!"

Akageuza shingo, hana hata wasiwasi. "Nachelewa mtihani, Afande. Na wewe si ulipita? Tulikuona."

Na kule mbali, upande wa kichwa, mlio ukaanza.

Nilimshika mkoba nikavuta kwa nguvu zangu zote. Alitoka akipiga kelele, magoti yamechubuka, mguu mmoja hauna kiatu. Kiatu tulikiokota treni ilipokwisha kupita. Kilikuwa bapa.

Sasa kiko mezani kwangu, nami nimefungua ile fomu ya Washington. Inauliza siku, saa, na njia ilizibwa kwa muda gani. Chini kabisa inauliza kama kuna mtu aliyeumia.

Nimeandika: Bado.