Mchimba Makaburi wa Velda

Jumanne asubuhi, duka la chakula cha mifugo la Velda lilipofunguliwa, Marie-Goretti alikuwa tayari mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani na juu yake sweta la marehemu mume wake. Kamati ya makaburi ya mji ilikuwa na ofisi yake katika chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mbegu na friji ya soda. Mwenyekiti, Bi Lorene, alimsogezea kiti, akammiminia kahawa, akampa pole. Ilikuwa pole ya kweli. Mpaka machozi yalimlenga.

Kisha akamwambia kwamba nafasi ya kumzika Ézéchiel hakuna.

"Nafasi ziko," alisema Marie-Goretti. "Ézéchiel ndiye alikuwa anakata nyasi za pale. Upande wa mialoni wote ni mtupu."

"Ni wa familia za zamani, Maria." Velda nzima ilimwita Maria, kwa kuwa jina lake lote liliwashinda. "Uligawanywa tangu enzi za babu zetu. Si mimi. Ni utaratibu."

Velda ni mji mdogo mashariki ya Dallas, ukishaiacha Mesquite na maghala yake na kuanza kuona ng'ombe. Una taa moja ya kuongozea magari, kituo cha mafuta kinachouza kambare wa kukaanga, ghala refu la nafaka lisilo na nafaka, kanisa la Kibaptisti, na uwanja wa mpira ambao Ijumaa jioni hujaa kuliko kanisa. Watu wake ni wapole. Gari likikuharibikia njiani, watasimama. Ézéchiel na mkewe walipohamia huko kutoka Garland, majirani waliwaletea keki hata wakakosa pa kuziweka, na haukupita muda Ézéchiel akapewa kazi ya makaburi: kukata nyasi, kusimamisha mawe yaliyolala, na kuchimba.

Kaburi lake ulilitambua kwa kuliona tu. Kuta zilinyooka kama za sanduku, na udongo mweusi wa huko, ule unaong'ang'ania kiatu mvua ikinyesha, hakuumwaga ovyo. Aliupanga upande wa mashariki na kuulainisha kwa mgongo wa koleo. Kazi hiyo aliijua tangu kambi ya wakimbizi, Kigoma, alikomzika mtoto wao wa kwanza, Vicent. Kambi ilipofungwa pori lilirudi, na leo hakuna awezaye kuonyesha Vicent amelala wapi. Ndiyo maana Ézéchiel alipenda kusema, akivua viatu jioni: "Mama Raïssa, mimi sihami tena. Hapa nimefika."

Moyo wake ulisimama siku moja ya Oktoba mwaka 2018, akiwa anafunga kamba za viatu hivyo hivyo.

Shemeji yake Marie-Goretti, Bertrand, mdogo wake Ézéchiel, alikuja kutoka Garland kusaidia mipango.

"Shemeji, tumpeleke Dallas," alisema. "Makaburi ya kule ni makubwa, hawaulizi mtu ni wa ukoo gani."

"Yeye alitaka hapa."

"Najua alitaka. Sasa tumweke sebuleni?"

Wakamzika Dallas, kandokando ya barabara kuu, mahali ambapo padri alilazimika kupaza sauti kuyashinda malori.

Asubuhi iliyofuata kaburi lilikutwa limechimbwa mbele ya kanisa la Kibaptisti. Mchungaji alilizunguka akiwa na kikombe mkononi, akatazama kuta, akatazama udongo ulivyopangwa upande wa mashariki. "Huyu ni Ézéchiel," alisema, akaenda kutafuta mbao za kulifunika kabla watoto hawajatumbukia.

Lingine likatokea katikati ya uwanja wa mpira. Makocha walikubaliana kwamba mpira ukiingia humo mchezo usimame, na msimu ukaendelea. Lingine likawa kituo cha mafuta, kati ya pampu na pampu. Bustanini kwa Bi Lorene waridi ziling'olewa kwa uangalifu, pamoja na mizizi yake, zikawekwa kwenye ndoo ya maji. Palipokuwa na waridi pakawa na kaburi. Mji mzima ulichimbwa, isipokuwa makaburini kwenyewe. Watu waliyafukia. Waliochoka kufukia waliweka mbao, na juu ya mbao wakaweka vyungu vya maua.

Kamati ilikaa kikao. Ilijadili mbao, ikajadili changarawe. Suala la nafasi halikuletwa na mjumbe yeyote.

Baada ya kikao Bi Lorene alikuja kwa Marie-Goretti na keki ya limau.

"Maria, huwezi kumsemesha?"

"Nimemsemesha."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Anachimba."

Bi Lorene aliitazama mikono yake mwenyewe. Marie-Goretti akakata keki, akamwekea kipande mbele yake.

"Mpeni moja," alisema. "Moja tu. Ataacha."

"Ingekuwa ni mimi peke yangu, Maria..." Alilia kidogo, akapangusa meza pale chozi lilipodondokea, akaaga.

Siku moja wakati wa kiangazi kaburi lilitokea nyumbani kwao, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Marie-Goretti aliliona akiwa na beseni kiunoni. Alilitua beseni, akaenda moja kwa moja ofisi ya mji kuuliza kama anaweza kumleta mume wake. Kijana wa mapokezi, aliyekuwa na adabu zake, alimweleza kwamba sheria hairuhusu kuzika uani kwa mtu. Marie-Goretti alirudi akaanika nguo zake. Lile hakulifunika. Jioni alikaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani, akachambua maharage.

Binti yake, Raïssa, alimtazama kutoka mlangoni.

"Mom, let's just move. Turudi Garland, kwa baba mdogo."

"Baba yako yuko kazini," alijibu mama. "Nimwache na nani?"

Raïssa akaja akakaa kando yake, akachota maharage akaanza kuchambua.

Mwaka 2020, ugonjwa ulipofika Velda, mume wa Bi Lorene alikuwa wa kwanza kuondoka. Mchimbaji wa mji jirani alikuwa kitandani, na wa mji wa pili hakupokea simu. Kamati haikujua la kufanya. Asubuhi ya maziko kaburi lilikutwa tayari, makaburini kabisa, kando ya wazazi wa marehemu, kuta zimenyooka, udongo upande wa mashariki. Mchungaji alimshukuru Mungu. Marie-Goretti alisimama nje ya uzio, kwa kuwa ndani waliruhusiwa wanafamilia tu, na barakoa yake ikalowa. Walipomaliza, Bi Lorene alisogea hadi kwenye uzio.

"Mwambie asante," alisema.

"Nitamwambia. Na ile nafasi?"

Bi Lorene aligeuka akautazama upande wa mialoni, ambako hapakuwa na kitu zaidi ya nyasi. "Utaratibu haujabadilika, Maria," alisema kwa huzuni.

Tangu hapo hakuna kaburi lililotokea tena kanisani wala uwanja wa mpira. Kila anapofariki mtu Velda, lake hukutwa tayari mahali panapostahili, na kamati imeacha kabisa kutafuta mchimbaji. Watu husema mji umebahatika.

Jumapili, baada ya misa, Marie-Goretti huendesha gari mpaka Dallas. Hupiga magoti kwenye nyasi, hutoa majani makavu, kisha humtajia mume wake, mmoja baada ya mwingine, majina ya wale aliowachimbia wiki hiyo: huyu alikuwa mwalimu, huyu aliuza kambare, huyu ni yule mzee aliyekuwa akitupungia mkono. Hutaja polepole na kwa sauti kubwa, asije akawa anachimba bila kuwajua.