Kamba Katika Mikonge ya Mwinshehe

Mwinshehe wa Dunda, Bagamoyo, alikuwa na mke mmoja na mikonge isiyo na hesabu, na mke akachoka kuwekwa fungu moja na mikonge. Siku niliyofika kwake nikitokea Mkange, Mwanamvua alikuwa amekwisha kwenda zake Fukayosi kwa mama yake, na jikoni ukoko umegandamana na chungu.

Nasema mikonge, na msomaji wa siku hizi ataona yale mashamba ya Wadachi yaliyonyooshwa mistari. Siyo. Hayo yalikuja baadaye. Hizi zilikuwa zamani za Sayyid Bargashi, na mkonge kwetu ulikuwa ule wa porini, unaoota wenyewe chini ya miti, majani yamesimama kama panga, mengine yana mabaka kama ngozi ya chatu. Watu waliukata wakapata nyuzi za kamba, au wakaukamulia sikio linalouma, wakaenda zao. Kuupenda, hakuna aliyeupenda. Ila Mwinshehe.

Uwanja wake wa nyuma ulijaa mitungi iliyopasuka, vyungu vilivyotoboka, hata nusu ya mtumbwi mbovu, vyote vimepandwa mikonge. Kupita humo ulipita ubavu ubavu kama kaa. Na kwa kuwa mkonge hutoa ua siku unayotaka wenyewe, yeye aliutambua kwa jani. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba ukingoni, akakata kipande, akakiweka sikioni asikie nyuzi zinavyokatika, mwisho akakiramba. Kisha hutoa hukumu. "Huu mpini," kwa sababu jani lake ni la mviringo kama mpini wa jembe. "Huu upepeo." "Huu mabaka, lakini si mabaka yule wa juzi, huyu mchungu zaidi."

Jirani yake Bwanausi, fundi wa kusokota kamba, hakukubaliana naye hata siku moja.

"Huyu ni mtoto wa yule, Mwinshehe. Mtoto akiwa hana ndevu utasema si wa ukoo wa baba yake?"

"Nitamngoja aote ndevu."

"Utazeeka wewe kwanza."

"Basi nitazeeka nikimwangalia."

Mimi nilikuwa mtu wa njia, leo Saadani kesho Winde, na kila nilikopita nilimwokotea shina. Safari hiyo nilimletea mkonge ambao hata mimi niliona si wa kawaida: jani pana, limejikunjakunja, na ukingoni mstari mwekundu mwembamba unaozunguka jani zima kama pindo la kikoi. Mwinshehe aliupokea kwa mikono miwili. Akaupanda kwenye mtungi mkubwa uliokatika shingo, mahali pa heshima katikati ya uwanja. Akaunywesha maji. Akauita pindo jekundu. Akauzunguka. Alipotosheka ndipo alipokumbuka kunikaribisha.

"Na shemeji yuko wapi?" nikauliza.

"Ameondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mpini wa kushoto ulipotoa chipukizi."

Kisa chenyewe nilikipata kidogo kidogo. Mwanamvua alikata jani moja la mkonge afungie mzigo wa kuni, jani tu, lililokwisha kunyauka nusu. Mwinshehe akamnunia mpaka Ijumaa. Mwanamvua akafunga nguo zake. Lakini mwanamke hawezi kwenda kwa wazee akasema, mume wangu anapenda majani kuliko mimi. Watamcheka. Kwa hiyo alisema neno ambalo kila mzee huliogopa: mikonge ya mume wangu inafuga nyoka.

Hapo shauri likawa kubwa. Mama yake, Bibi Mwanaharusi, akatuma neno kwamba atakuja na kaka yake Mwinjuma, na Mwanamvua mwenyewe, wautazame uwanja na kuuliza majirani. Nyoka akionekana humo, au akipatikana shahidi wa kumwona, Mwanamvua harudi tena, na Mwinshehe ataandika talaka.

"Kwani wamo?" nikamwuliza.

"Hija ndugu yangu, wallahi sijamwona hata mmoja. Na Bwanausi huingia humu kila siku, namruhusu akate ile mipini iliyozeeka na kuanika kazi yake humu humu. Yeye ndiye shahidi wangu. Atakuja aseme alichokiona, basi."

Tuliwangoja alasiri. Mwinshehe alifagia, akavaa kanzu, akaniambia nisiguse chochote. Alasiri ikapita. Mzee Mwinjuma alikuwa mtu asiyeweza kuipita nyumba bila kubisha hodi, na kutoka Fukayosi mpaka Bagamoyo nyumba si haba. Walipofika, adhana ya magharibi ilikuwa inaisha. Tukasali, kisha tukaketi uwanjani penye mwanga mdogo uliobaki, taa bado haijawashwa. Wanawake wakakaa kwenye mkeka, Mwanamvua na furushi la nguo zake, upande wa ule mtungi mkubwa, sisi kwenye kitanda cha kamba.

Sasa, kwetu pwani jua likishatua nyoka hatajwi jina. Ukimtaja umemwita. Anaitwa kamba. Mtoto anajua, mkubwa anajua, hata mgeni akikaa wiki moja anajua. Tena Mwinshehe na mkwewe, kwa heshima ya ukwe, hawakusemezana ana kwa ana. Kila neno lilipita kwa Mwinjuma, ingawa kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake.

"Dada yangu anasema," akaanza Mwinjuma, "binti yake amelalamika kwamba humu mna ile... kamba. Mnanielewa."

"Mwambie mama hamna," akasema Mwinshehe. "Na jirani yangu atashuhudia."

Ndipo Bwanausi alipoingia, amechelewa, mikono inanuka mkonge. Alitoa salamu, "Shikamooni," akaitikiwa, akachuchumaa. Hakuyasikia yaliyotangulia.

"Bwana jirani," akasema Mwinjuma, "sema kweli mbele ya Mungu. Umepata kuona kamba humu?"

Bwanausi alifurahi. Nadhani alidhani ni wateja.

"Kamba? Mmefika penyewe, wazee wangu! Bagamoyo nzima hakuna uwanja wenye kamba kama huu."

Bibi Mwanaharusi alivuta ukaya wake wa kichwani mpaka puani.

"Umeziona kwa macho yako?" akauliza Mwinjuma.

"Kuona? Juzi nimetoa moja hapo pembeni ulipoweka mguu, mzee. Ndefu, inatoka hapa inafika kisimani. Laini, inateleza!"

Mwinjuma akaukusanya mguu wake. "Uliitoa na nini?"

"Na mikono."

"Haikukudhuru?"

"Vidole vinawasha kidogo. Nikipaka mafuta ya nazi, kwisha."

"Bwanausi," akasema Mwinshehe, "nyamaza."

"Ninyamaze nini, nawe nakusifia? Mzee, zimo nene, zimo nyembamba. Nzuri kuliko zote ni zile zilizosokotana mbili mbili. Mwanangu Dija nimempa ndogo, anaruka nayo mchana kutwa, na usiku hulala nayo."

"Mtoto!" ikatoka sauti ya Bibi Mwanaharusi kutoka ndani ya ukaya. "Mwinjuma, mwulize, mama wa mtoto yuko hai?"

"Mjomba," akasema Mwinshehe, jasho linamtoka, "si kamba hiyo anayosema. Ni kamba!"

"Kamba si kamba, ni kamba?"

"Kamba kamba! Ya kufungia!"

Bwanausi akatukodolea macho. "Kwani kuna kamba isiyofunga?"

"Iko inayouma," akasema Mwinjuma.

"Zangu haziumi, mzee. Labda uivute vibaya." Kisha akapiga paja, kama aliyefumbua fumbo. "Aa! Kumbe mnataka kamba wa pwani! Wale wa kula! Hao mngesema mapema, mke wangu amewakaanga leo hii, wamebaki bakuli zima."

Nilimsikia Mwanamvua anakohoa kwenye ncha ya nguo yake. Hakuwa na kikohozi.

"Wanawala," akasema Bibi Mwanaharusi taratibu. "Mwinjuma, twende. Mwanangu, chukua nguo zako."

Mwinshehe alisimama. Neno moja tu lingemwokoa, nalo ndilo lisiloruhusiwa. Akafungua kinywa: "Mama hasemi kamba, anasema ny..."

"Astaghfirullahi!" Mwinjuma alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja. "Humu humu walimojaa unataka kuwaita kwa jina?"

Mimi pia nilitafuta neno, na mimi nimesoma vyuo vitatu, kila kimoja nusu. Sikulipata.

"Kama hamniamini," akasema Bwanausi, moyo umemuuma kwa kazi yake kutiliwa shaka, "nitakuleteeni moja muishike wenyewe."

"Hapana!" tukasema sote.

Lakini alikwisha kujipenyeza ubavu ubavu kati ya mitungi. Tukasikia majani yanachakarishana. Akarudi kinyumenyume, ameinama, anavuta kwa mikono miwili kitu kirefu cha kijivujivu kinachojiburura chini, kinauzunguka mtungi huu, kinauzunguka mtungi ule, na mkia wake hauonekani.

"Hii bado haijakomaa," akasema.

Mwinjuma alikuwa juu ya kitanda kabla sijageuza shingo. Bibi Mwanaharusi, mtu mzima na mwili wake, aliyekuwa akilalamika magoti tangu Fukayosi, aliruka kutoka mkekani akasimama juu ya ule mtungi mkubwa katikati ya uwanja. Miguu yote miwili. Nikasikia kitu kinapasuka polepole, kama muwa mdomoni.

Ulikuwa ni pindo jekundu.

Mwinshehe alikuwa karibu naye kuliko sote. Hakuitazama kamba hata kidogo, aliijua ni kamba. Alitazama miguu ya mkwewe. Mwanamvua, nyuma ya mama yake, alimtazama mumewe usoni. Bibi Mwanaharusi alikuwa anayumba juu ya ukingo wa mtungi, anatafuta pa kukanyaga, na kila alipotafuta, pindo jekundu lilisagika zaidi. Chini yake, ile kamba ilikuwa bado inavutwa.

"Nishuke?" akalia. "Mwinjuma! Nishuke au nisishuke?"

Mwinjuma alikuwa amefumba macho, tasbihi mkononi, anasoma dua.

Neno moja, shuka mama, na labda shina lingepona, ila mama mwenyewe angejikwaa kwenye ile kamba gizani. Nilimwona Mwinshehe analimeza. Kisha alisema, nayo ndiyo mara ya kwanza kumsemeza mkwewe mwenyewe tangu aoe:

"Usishuke, mama. Simama hapo hapo, kanyaga katikati, ukingoni utaanguka. Hapo ni salama."

Akakanyaga katikati.

Nilikimbilia ndani, nikawasha taa. Nilipotoka nayo, Bwanausi alikuwa ameinua ncha ya kamba yake mbele ya pua ya Mwinjuma, nyuzi za mkonge zimesokotwa vizuri, mwisho wake umefungwa fundo. Mwinjuma aliigusa kwa kidole kimoja. Akaivuta. Akainusa.

"Kamba," akasema.

"Ndiyo nilivyosema tangu mwanzo!" akasema Bwanausi.

"Dada, ni kamba. Ya kufungia ng'ombe."

Bibi Mwanaharusi alibaki juu ya mtungi kidogo, akiutengeneza ukaya wake. Kushuka mbele za watu kulimpa shida kuliko kupanda. Mwishowe akasema, kwa Mwinjuma kama desturi, kwamba apewe mkono, na kwamba mkwe aliyemjali mwenzake namna ile wakati mwanamume mwingine amepanda kitanda, yeye hana neno naye. Mwinjuma akatia tasbihi yake mfukoni.

Wakashauriana. Shahidi ameulizwa, amejibu, kilichoonekana ni kamba. Hukumu: Mwanamvua ni hiari yake, arudi au asirudi. Wote wakamgeukia. Yeye akachukua nguo zake zilizofungwa, akapita nazo ubavu ubavu kati ya mitungi, akaingia nyumbani, tukasikia anakwangua ule ukoko wa chungu.

Tulipomaliza kula kamba wa mke wa Bwanausi, maana hakuna aliyekataa, nilikaa kizingitini. Mwinshehe alikuwa amechutama mbele ya ule mtungi, taa chini, anakusanya vipande. Aliviweka kwenye kiganja, akavigeuza. Shina lilikuwa limesagika mpaka mizizi. Mwanamvua akatoka akasimama nyuma yake.

"Utabaki?" Mwinshehe akauliza bila kugeuka.

"Nimesikia ulivyomwambia mama asishuke."

"Palikuwa salama."

"Na ulikuwa unalia."

"Moshi wa taa, Mwanamvua."

"Taa ilikuwa bado haijawashwa," akasema, akachutama kando yake.