Mlango wa Tatu wa Kabati

Fundi cherehani alianza na skrubu. Aliweka chupa tupu ya jamu mezani, akafungua bawaba moja moja kwa bisibisi, na kila skrubu iliyotoka akaidondosha ndani ya chupa isije ikapotea, maana anajijua. Kabati la jikoni kwake lilikuwa na milango sita. Kufikia saa nne asubuhi yote sita ilikuwa imelala juu ya magazeti, na kabati limebaki wazi, vikombe na makopo yakitazama watu.

Sababu ya kupaka rangi ilikuwa macho. Jikoni hapakuwa na dirisha. Lilikuwapo zamani, kabla mwenye nyumba hajaongeza chumba kingine cha kupangisha na kuliziba. Fundi alishonea humo humo, kwa kuwa chumba cha pili kilijaa kitanda na majora ya vitambaa. Alishona sare za shule chini ya taa ya umeme mchana kutwa. Mwaka huo tundu la sindano lilianza kumkwepa. Alilamba uzi, akaukodolea macho, akautunga hewani. Wateja wawili walirudisha mashati yaliyoshonwa upogo, na mmoja akasema kwa upole kwamba muhula ujao angejaribu kwa fundi mwingine. Muuza rangi akamwambia rangi nyeupe ya kung'aa kwenye kabati ingeongeza mwanga kidogo. Akanunua kopo moja na brashi mbili.

Kabati lenyewe lilikuwa urithi. Baba yake, seremala, alilitengeneza kwa mikono yake kwa ajili ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Fundi, binti yake, ndiye aliyemuuguza mzee huyo miaka sita, akimlisha kwa kijiko na kumgeuza kitandani, huku kaka yake akifanya kazi mji mwingine na kutuma salamu. Siku moja kaka alipokuja na mkewe kumjulia hali, mzee alisema mbele yao wote watatu kwamba nyumba ni ya watoto wake wawili. Alipofariki, ndugu waliketi, na nyumba ikaenda kwa kaka kwa kuwa ni mwanamume. Mtu mmoja akauliza, na huyu binti je? Kaka, ambaye hana roho mbaya, akasema, "Achukue lile kabati la jikoni." Wote wakamsifu kwa ukarimu wake, na kabati likang'olewa ukutani siku hiyo hiyo.

Sasa aliisugua milango kwa msasa siku mbili. Rangi ya kijani ya zamani ilitoka kama unga, ikamwingia puani na kwenye kilemba. Nyuma ya kila mlango, chini ya rangi, alikuta namba iliyoandikwa kwa penseli nene ya baba yake, kuanzia moja hadi sita. Akaelewa kwamba kijana aliyemfungia kabati miaka mitatu iliyopita aliiweka milango ovyo ovyo, ndiyo maana yote ilikuwa ikilia na mmoja haukufunga hata kwa kusukumwa na goti. Akapaka praima, rangi ya kutangulia, akasubiri ikauke, akapiga rangi mikono miwili, akizizunguka zile namba kwa brashi ndogo asizifunike. Siku ya tano asubuhi akaifunga milango kwa mpangilio wa baba.

Yote ilifunga kimya. Alipofungua wa tatu ili arudishe vikombe, hakukuta rafu. Alikuta jikoni kwa baba yake, na wifi yake, mke wa kaka, amesimama akimenya vitunguu.

"Kumbe ni wewe, wifi," alisema mke wa kaka. "Nilidhani panya."

"Ni mimi. Habari za siku?"

"Nzuri tu. Umepaka rangi?"

"Nimepaka."

"Imetoka vizuri. Ila hapo pembeni imechuruzika."

Fundi akatazama. Kweli, ilikuwa imechuruzika. Akachukua kipande cha msasa akaisawazisha, na wifi akaendelea na vitunguu vyake.

Dirisha la jikoni kule lilitazama mashariki. Jua la asubuhi lilipita juu ya sinki la wifi, likapenya kabatini, likatua kwenye meza ya fundi. Akaisogeza cherehani pale pale. Akatunga uzi mara moja tu. Akakaa na mikono mapajani, akalia kidogo kwa furaha, akamshukuru Mungu, akamshukuru baba yake, akamshukuru hata muuza rangi ambaye hakujua lolote. Vikombe akavihamishia mlango wa nne.

Siku moja, wifi alipokwenda sokoni, aliupima uwazi ule kwa futi yake ya kupimia nguo. Ulikuwa sentimita arobaini kwa sitini. Akajaribu kupita. Kichwa kilipita, na mkono mmoja, mabega yakagoma. Akabaki hivyo kwa muda, akinusa jikoni alimokulia, akapapasa kwa vidole mashimo ya skrubu yaliyobaki ukutani. Kisha akajivuta nyuma akaenda kumalizia vifungo.

Yule mteja aliyetaka kuhama alikuja kuchukua shati la mwanawe. Akaukagua mshono, akaukuta umenyooka.

"Umetoboa dirisha?" aliuliza.

"La kwa baba."

"Afadhali," alisema mteja, akaacha vitambaa vya mashati manne.

Wiki ya tatu wifi aliongea bila kuinua macho kutoka kwenye ubao wake wa kukatia. "Kaka yako ameagiza makabati mapya. Seremala anakuja Jumamosi kupima. Anachukua ukuta wote huu, wifi yangu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Siku zilizobaki alishona kama mtu anayewahi kuanua nguo kabla ya mvua, kwa sababu mwanga ule ukizibwa, msimu wa sare ungemkuta kipofu.

Jumamosi kaka aliingia na seremala. Akainama mbele ya uwazi mpaka nyuso zao zikalingana.

"Dada."

"Kaka."

"Naambiwa macho yamekusumbua."

"Mwanga wenu unanisaidia sana," alisema fundi, na neno wenu likamkera mwenyewe. Akaona asipolisema lake leo hatalisema tena. "Kaka, baba alisema nyumba hii ni yetu sote. Ulikuwepo."

Seremala akaitazama tepu yake kwa makini sana. Wifi, ambaye naye alikuwepo siku ile, akafungua bomba akaosha sahani iliyokuwa safi.

"Baba alisema mengi," alisema kaka. "Mzee alikuwa mgonjwa."

"Kichwa chake kilikuwa kizima."

"Dada, tusifukue makaburi." Akajikuna kidevu, akasimama, akamgeukia seremala. "Hapa usizibe. Acha arobaini kwa sitini. Dada yangu anahitaji mwanga."

"Utapoteza rafu mbili, bosi."

"Zipotee."

Shukrani ilimjaa fundi, na alijua kaka ametoa kwa moyo wake wote kile alichoamua kutoa. Alilijua pia lile ambalo hakutoa, wala hakuona dalili kwamba angelitoa kesho.

Makabati mapya yalipokuja, ya kijivu, seremala aliuzungushia uwazi ule fremu safi ya mbao, akaipiga vanishi bila kuombwa. Fundi alishona sare zote za msimu na wateja wakaongezeka. Mlango wa tatu haufungwi tena ila akitwanga, vumbi lisimfikie wifi.

Na kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, kaka huleta kikombe cha chai mpaka ukutani na kumpitishia.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," husema huku akicheka, maana siku hizi nyumba yao imechangamka. "Karibu, dada. Hapa ni kwako."

"Ahsante, kaka," hujibu fundi, naye humaanisha. Chai huwa ya moto na sukari yake ya kutosha. Huinywa taratibu kwenye mwanga, akiwa upande wake wa fremu, na akimaliza hukisuuza kikombe, hukifuta vizuri, kisha hukirudisha kilikotoka, kama afanyavyo mgeni mwenye adabu.