Digrii Sitini na Nane

Saa nne kasorobo asubuhi, Jumapili ya pili ya Januari, Ummulkheir alipiga magoti mbele ya redieta ya sebuleni, chuma cha kupashia nyumba joto, akatia ufunguo mdogo kwenye vali na kuuzungusha nusu duru. Hewa ilitoka kwa mluzi, kisha yakafuata maji meusi, ya baridi. Akafunga. Alikuwa amekwisha kubadilisha betri za themostati, kusogeza kochi mbali na mabomba, na kuziba madirisha kwa plastiki. Kila alichoshauriwa na mwenye nyumba alikuwa amekifanya, na kipimajoto cha ukutani kilisema digrii hamsini na moja za Farenhaiti, baridi ya kuvalia koti ndani.

"Bado?" aliuliza mama yake, Bi Saada, chini ya mablanketi mawili.

"Bado, mama."

Bi Saada alikohoa. Alikuwa ameugua nimonia mara mbili tangu Oktoba, na daktari alisema mapafu yale hayataimudu ya tatu.

Nyumba ilikuwa ya mbao, ya ghorofa mbili, mtaani Frogtown, ughaibuni. Chini alikaa Wanjala, ambaye sasa aliogesha wazee kwenye makao yao lakini zamani alikuwa fundi wa mabomba Bungoma. Mwezi Novemba aliteremka besmenti, chumba cha chini ya nyumba, akaisikiliza boila kwa dakika tatu, akapanda na jibu.

"Pampu imekufa, Bi Ummu. Boila inachemsha vizuri, ila maji hayana wa kuyasukuma. Kwangu yanafika vuguvugu. Kwenu hayafiki."

Mwenye nyumba aliitwa Harrison. Aliishi Champlin, katika nyumba ambayo hata sakafu ya gereji ilipashwa moto. Naye alitoka Kenya, na hakuna mazungumzo aliyoyaanza bila kukumbusha hilo. Alipoambiwa habari za pampu alifika kesho yake na kupiga kufuli kwenye mlango wa besmenti. Hayo ndiyo matengenezo pekee aliyoyafanya majira yale.

Jumapili hiyo Ummulkheir alimpigia simu kwa mara ya kumi na moja.

"Dada, tuvumiliane," Harrison alisema. "Nita-send mtu wiki ijayo. Si sisi ni watu wa nyumbani?"

Ummulkheir alikata simu, hasira zimempanda. Miwani ya Bi Saada ikafanya ukungu. Barafu iliyokuwa imeota kwa ndani kwenye kioo cha dirisha ikaanza kuteremka kwa michirizi, na kipimajoto kikapanda hadi sitini na sita. Joto lilimtoka Ummulkheir, hasa mabegani na viganjani.

Bi Saada alifuta miwani kwa ncha ya leso.

"Marehemu shangazi yangu kule Lamu alikuwa hivi hivi," alisema. "Ila hapakuwa na wa kumshukuru. Akija barazani, watu wanahama."

Tatizo lilikuwa kwamba Ummulkheir alishona nguo katika duka la University Avenue siku sita kwa juma, na alipotoka, joto lilitoka naye. Akirudi jioni alimkuta mama yake na koti, glavu na midomo ya kijivu. Kwa hiyo akaomba mkaguzi wa nyumba aje, akapewa Alhamisi.

"Siku hiyo usikasirike, tafadhali," Wanjala alimwomba. "Ukiwaka tu, kesi imekwisha."

"Na huyo mwenyewe akija?"

"Mchukulie kama mtoto."

"Mtoto angekuwa na haya."

Alhamisi Ummulkheir hakwenda kazini. Tangu alfajiri alikaa kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi, akiwaza vitu visivyomhusu: reli, mboga, ramani ya nchi ambayo hajawahi kufika. Nyumba ilipoa vizuri. Saa nne kipimajoto kilisoma hamsini, na maji ya kwenye bilauri yalikuwa baridi ya kuuma meno. Bi Saada alijua kwamba kikohozi chake ndicho kinachomchoma zaidi binti yake, basi alikizuia. Alijaza leso mdomoni na kukaa kimya, machozi yakimtoka.

Mkaguzi alikuja na Harrison. Mkaguzi alivua viatu mlangoni. Harrison alikanyaga mkeka na theluji yake yote. Ummulkheir aliwaza reli.

"Watu wa pwani," Harrison alimwambia mkaguzi kwa Kiingereza, akicheka. "Ukifungua friji tu, wanavaa sweta."

Ummulkheir aliwaza mboga. Mkaguzi alisimamisha kipimo chake katikati ya chumba. Kilisoma hamsini na mbili. Mkaguzi akatoa fomu na kalamu.

Hapo Bi Saada akashindwa. Kikohozi kilimtoka na leso yake, kirefu, cha kukunja mgongo.

"Pole, mama. Huo ni uzee tu," Harrison alimwambia. Kisha akamgeukia Ummulkheir, akamshika bega. "Dada, mambo ya kuitana wakaguzi ni ya nini? Tuvumiliane. Si sisi ni watu wa nyumbani?"

Akauondoa mkono haraka na kupuliza vidole.

Kipimo kilipanda: hamsini na tisa, sitini na tano, sitini na nane, sabini na moja. Theluji iliyokuwa mkekani ikawa maji. Mkaguzi alifungua zipu ya koti na kungoja namba zitulie, kama utaratibu wake ulivyotaka.

"Joto hili linatoka kwako?" alimuuliza Ummulkheir.

"Kwangu. Redieta imekufa. Iguse."

Mkaguzi aliigusa. Ilikuwa baridi. Aliipitia fomu ukurasa wa mbele, akaigeuza, akaupitia na wa nyuma.

"Fomu inauliza ni digrii ngapi," alisema kwa upole. "Haiulizi zinatoka wapi."

Akaandika sabini na moja. Sheria ilitaka sitini na nane.

Barua ilifika baada ya siku nne: nyumba imetimiza kiwango, malalamiko yamefungwa. Harrison aliibandika nakala yake ukumbini, juu kidogo ya lile kufuli.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, Ummulkheir humpigia Harrison simu. Humsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha huishika redieta kwa viganja vyote viwili mpaka chuma kiive, huvaa buti na kuondoka. Wanjala husema joto kidogo humfikia na yeye. Chuma kina subira ya saa chache. Baada ya hapo Bi Saada hurudi kwenye glavu na kungoja.

"Leo kakwambiaje?" Bi Saada aliuliza asubuhi moja ya Februari.

"Wiki ijayo."

"Basi joto ni mpaka adhuhuri."

"Halafu akaniita dada."

Bi Saada alivua glavu moja, akaiweka mapajani.

"Basi litafika alasiri."