Sauti ya Saada

Mnasihi Athanasi alitoka hospitalini kuja shuleni mara moja kwa muhula. Hakukuwa na chumba, hivyo walimwekea viti viwili stoo, kati ya magunia ya mahindi. Saada aliingia, akaamkia, akakaa. Shikamoo yake haikusikika. Ingesikika kesho yake.

Sauti ya Saada ilikuwa ikichelewa siku moja. Ilianza Novemba iliyopita, akiwa kidato cha pili. Mama yake alifariki kijijini kwao, Nalasi, mitihani ikianza, na mkuu wa shule akakubaliana na wajomba kwenye simu kwamba mtoto asiambiwe mpaka amalize. Alipoambiwa, kaburi lilikuwa limeshanyeshewa. Alifungua kinywa alie, hakikutoka kitu. Kilio kilitoka kesho yake saa ileile, akiwa kwenye foleni ya ugali, na wenzake wakamshikia sahani mpaka kikaisha.

Shule ilizoea. Walimu walimuuliza swali Jumatatu, wakamsahihisha Jumanne. Hata alichoandika kilisubiri kesho ndipo kisomeke.

"Unalala vizuri, binti?" Athanasi aliuliza.

Saada alichezesha midomo, kwa kirefu.

Athanasi alikuwa mtu mpole, lakini gari lilikuwa linamsubiri na mstari wa wasichana ulikuwa umefika bombani. Akamwambia apumzike, afanye sala, anywe maji ya kutosha.

Siku ya pili Saada alikuwa anafua. Sauti ikatoka. "Shikamoo." Kisha: "Silali. Nikifumba macho mama ananiuliza mbona sikuja kumzika. Namwambia sikuambiwa, haniamini. Siku nyingine natamani nimfuate."

Matroni Notburga, aliyekuwa akianika mablanketi, alisikia yote. Alimkumbatia na mapovu yake, kisha akaenda kwa mkuu wa shule.

"Maskini," mkuu alisema. "Athanasi akija muhula ujao tumwambie."

Muhula uliofuata Athanasi hakuja. Gari lilikuwa bovu. Novemba ikafika. Mchana mmoja Saada akipita chini ya dirisha la ofisi alimsikia mkuu akiongea na simu: baba yake Pamela, kule Maposeni, amefariki, na Pamela ana mitihani. "Tumwache amalize," mkuu alisema. Notburga alikuwa amesimama pembeni. Aliinamisha kichwa.

Pamela alikuwa akilala kitanda cha juu ya kile cha Saada. Saada alikimbia bwenini, akamshika mikono yote miwili, akasema. Alirudia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Pamela alimtazama midomo, akatabasamu. "Utaniambia kesho, dada. Ngoja nikasome."

Kesho yake saa ileile, Saada alisimama nje ya ukumbi wa mtihani.

"Pamela! Baba yako amefariki. Nenda ukamzike, Pamela, nenda!"

Msimamizi alinyanyuka, akafunga madirisha upande ule, moja baada ya jingine.