Mzee Aliyekuwa Ndani ya Kaseti ya Ngano

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jenereta la shamba la ngano halijazimwa, Hilaria alihamisha hesabu za wiki kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kaseti. Kompyuta ile ilikuwa na akili nyingi ila usahaulifu wa kuku: umeme ukikatika, imesahau yote. Kwa hiyo alichomeka waya kwenye redio kaseti, akabonyeza vitufe vya kurekodi, akakaa akifuma sweta mpaka mlio uishe. Kisha aliurudisha mkanda nyuma na kuusikiliza kidogo. Ukiwa umeshika, ulilia mfululizo kama nyenje.

Jumamosi moja, msimu wa kulima ulipokaribia, kaseti ya mashamba ya upande wa Dirma haikulia. Ilikohoa. Mzee mmoja akasema jambo kwa Kibarabaig, akanyamaza kama anayengoja kujibiwa. Hilaria alikuwa Mwiraqw wa Dongobesh na hakuelewa hata neno, lakini sauti ya mzee ni sauti ya mzee.

"Shikamoo," alisema, kisha akaenda kumwita Gidabuday, mfugaji wa Kibarabaig.

Gidabuday alikuwa akichunga ng'ombe wake wachache waliobaki, pembezoni mwa shamba, mahali walinzi walipomvumilia. Kabla ya ngano, boma lake lilikuwa huko huko katikati. Baba yake alizikwa huko kwa heshima ya wazee wakubwa: ukoo ulikusanyika kwa miezi, ukajenga kilima cha udongo juu ya kaburi, na tangu hapo kila aliyepita alichuma majani mabichi akayaweka pale na kuomba baraka. Kisha matrekta yakaja. Dereva hakuwa mtu mbaya. Aliona kichuguu, akakisawazisha. Tangu siku hiyo Gidabuday hakuwa na mahali pa kuweka majani, na jambo hilo lilimla moyo kuliko njaa. Aliwahi kuingia kwenye ngano kulitafuta kaburi, akafungwa kwa kosa la kuharibu mazao.

Ofisini alisimama na fimbo yake, Hilaria akawasha kaseti.

"Ni baba," alisema Gidabuday.

"Anasemaje, mzee?"

"Anauliza yuko wapi."

Aliyekuwa kwenye kaseti hakujua alipo. Alisema hasikii ng'ombe. Alisema mizizi ni myembamba, ya namna moja kila upande, na kila mwaka chuma kinampita kifuani na kumsogeza kidogo. Gidabuday aliomba mkanda urudishwe, tena na tena, akitega sikio apate hata jina la mti au jiwe, aende akamtafute. Hakupata. Majembe yalikuwa yamefanya kazi yao vizuri.

Meneja Isidori aliitwa, naye akasikiliza. Alihakikisha kwanza kwamba kompyuta bado inazisoma hesabu zake kwenye mkanda ule ule. Ilizisoma, bila kosa.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. "Lakini hii ni mali ya serikali. Siwezi kukupa."

"Basi msilime pale alipo."

"Pale wapi?" aliuliza Meneja, kwa nia njema kabisa.

Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shambani pale walikuwa wameishia kwenye koma. Hata hivyo Meneja aliruhusu mzee aje kila Jumamosi kumsikiliza baba yake, mradi asicheleweshe kazi.

Akaja, shuka begani, na majani mabichi mkononi. Aliyaweka juu ya redio kaseti, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Hilaria alisogeza sweta lake kumpa nafasi, akafanya ishara ya msalaba. Nje matrekta yalikuwa yakiondoka kwenda upande wa Dirma. Ndani ya kaseti mzee akauliza tena.

Safari hii Gidabuday aliinama karibu na spika, akajibu maneno machache, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa. Kaseti iliguna, ikashusha pumzi, ikatulia.

"Umemwambia nini, mzee?" aliuliza Hilaria.

Gidabuday alikuwa analia waziwazi.

"Nimemwambia yuko nyumbani," alisema. "Ng'ombe wamekwenda ziwani Basotu kunywa maji tu. Jioni watarudi."