Elisante Nje ya Picha

Erick alikuwa mpiga video hodari wa harusi, na balaa lilianzia hapo. Kila mume wangu Elisante alipopanda jukwaani na saksofoni yake, Erick alimgeuzia kamera mgeni rasmi. Ndivyo alivyozoea: mgeni rasmi kwanza, kisha meza kuu, kisha kina mama wa sare. Mpiga muziki si anasikika? Basi yatosha.

Mimi haikunitosha. Elisante alifariki mwaka jana, na uso wake wa kwenye muziki ulikuwa umeanza kunitoka. Picha za kazini ninazo tele, kakaza shingo kama anasubiri kupandishwa cheo. Nilimtaka yule wa bebop, ile jazi ya mbio, anayefumba macho na kwenda kusikojulikana. Niliogopa kumsahau, na woga huo ulinikosesha raha.

Nikamfuata Erick studioni kwake, Nzuguni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niwekee matamasha yake yote, hata vipande ulivyokata."

Akashusha pazia. Vumbi lilielea kwenye mwanga mwembamba uliobaki, saksofoni ikaanza, na chumba kikawa hakina kuta. Sauti ilipanda, ikajizungusha, ikateremka mbio bila kujikwaa. Kwenye kioo cha kompyuta mkurugenzi, mgeni rasmi, alikuwa anatafuna korosho. Tamasha la pili, mwenyekiti anasoma simu. Nilitamani kumzaba mtu kibao.

"Erick, hata mara moja?"

"Mama, mgeni rasmi asipoonekana, hawaniiti tena." Akainama. "Nisamehe."

La mwisho lilikuwa la ukumbi wa Miyuji. Kamera ilitambaa meza kuu nzima, halafu ikatua kwangu.

"Hapo waandaaji waliniambia nimchukue mke wa msanii," Erick akasema.

Nilikuwa nimevaa gauni la bluu, na sikuwa na habari na kamera. Macho yangu yalikuwa yanamfuata mtu. Yalikwenda kushoto taratibu, yakasimama. Yakapanda kidogo, kwa hiyo alikuwa ameinua saksofoni. Kisha yule mimi wa kwenye kioo akatabasamu peke yake, tabasamu ambalo sikumpa mtu mwingine maishani.

"Amefumba macho," nikasema.

Erick akanitazama, akatazama kioo. "Nipeleke mbele, mama?"

"Acha," nikamwambia. "Anarudi kulia."